Mzee Feruzi Hakuwa Mlevi

Pipa lilianguka saa tatu asubuhi, siku ya Jumatano, maji yakiwa yanatokota ndani yake. Mzee Feruzi alinipiga kikumbo nikaangukia rundo la mashuka machafu, na yale maji yaliyokuwa yananijia mimi yakamchukua yeye, kuanzia kifuani hadi nyayoni. Mikono yangu miwili iliungua kwa sababu niliinuka kumvuta. Hakupiga ukelele. Alisema tu, "Yakobo, nivue shati. Nivue shati." Nikalivuta, na kilichotoka pamoja na shati lile sitakiandika. Nyuma yetu Wataliani zaidi ya ishirini walikuwa bado wanapigana. Walipigana juu ya maji, juu ya povu la sabuni, na wengine walimruka Mzee kama mtu anavyoruka gogo njiani.

Nataka mjue jambo moja kabla sijaenda mbali. Wataliani wale waliokuwa wanapigana, wote walikuwa maadui wa mtu mmoja. Wote walimchukia mtawala wao aliyewaingiza vitani. Wenye kumpenda hawakuwamo kabisa katika ugomvi ule. Wao walikuwa wamekaa nje ya mlango, kivulini, wanatazama na kucheka.

Mimi ni Yakobo Mahona, dobi. Mwezi uliopita daktari aliishika mikono yangu, akaigeuza huku na huku, akasema ngozi hii haiwezi tena kukaa ndani ya magadi, nirudi nyumbani. Nikarudi. Ninyi vijana mliobaki chumba cha kufulia cha hospitali mliniambia niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa zamani, na mkaniletea daftari. Mshahara sitauandika, mnaujua wenyewe na hauna hadithi. Mara ngapi nilipandishwa cheo nayo sitaandika, kwa kuwa dobi akipandishwa anapewa pasi nzito zaidi. Shule yangu iliishia darasa la pili, kwa Wamoravia. Mkikuta kosa, lipigeni pasi mwendelee.

Nilikuja mjini Tabora nikiwa kijana, kutoka kijijini kwetu, mwendo wa nusu siku kupita Ipuli. Nilitaka kazi ya reli kama kila mtu. Reli haikunitaka. Siku ya tatu nikiwa na njaa nilipita Chemchem nikaona mzee mmoja mfupi amesimama mbele ya jiwe la kufulia, ana shati jeupe mkononi, analinusa. Nikacheka. Akanitazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unacheka nini, Mnyamwezi?"

"Nacheka mtu anayenusa uchafu."

"Njoo unuse na wewe."

Nikanusa. Nikasema ni mafuta. Akauliza, mafuta gani? Ya taa, ya kupikia, ya mashine, ya nywele? Sikujua. Akasema, "Basi wewe ungelitia maji ya moto, na doa lingebaki humo mpaka siku ya kiyama, na mwenye shati angekuja na bakora. Pua kwanza, maji baadaye. Umekula?" Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini. Sikuandikwa popote.

Feruzi bin Sudi alikuwa Mmanyema wa Tabora, mzaliwa wa Mtendeni. Baba yake alikuwa mpagazi katika misafara ya zamani, akibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani na kurudi. Mzee alinieleza kwamba katika msafara kila mzigo ulikuwa na alama ya mwenyewe, fundo fulani la kamba au mkato kwenye kijiti, na baba yake alikuwa akitazama mizigo mia imelala chini asubuhi akakuambia huu wa nani na ule wa nani. Mwanawe alichukua elimu hiyohiyo akaitia katika nguo. Herufi za Kizungu hakuzijua, alisoma Kurani tu. Lakini kila nguo iliyoingia kwake ilipata alama ndani ya kola au kwenye pindo: nukta mbili, mguu wa ndege, msalaba wa kulala. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi hatukupoteza hata soksi. Ninyi siku hizi mna namba za kupigwa muhuri na bado kila wiki muuguzi mmoja anavaa gauni la mwenzake. Nasema tu.

Alinifundisha kupima joto la pasi ya mkaa kwa kuisogeza karibu na shavu, bila kutema mate juu yake kama wahuni. Alinifundisha kwamba wanga ukizidi, kola inakata shingo ya mtu, na mtu huyo atakuchukia bila kujua kwa nini. Alinifundisha spiriti ya kutolea madoa: kitambaa kidogo, matone machache, mbali na moto, na ukimaliza unawe mikono mpaka harufu iishe. Yeye mwenyewe alinawa mara tatu, kwa sababu alikuwa akitoka pale kwenda msikitini na hakutaka mtu amfikirie vibaya. Shikeni hapo penye spiriti. Tutapahitaji.

Vita vya pili vilipokuja, Waingereza waliwaleta Wataliani kwa treni, mateka waliokamatwa Uhabeshi. Kambi yao ilijengwa nje ya mji, kando ya njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Mzee Feruzi akachaguliwa dobi mkuu, na sisi saba chini yake. Mkubwa wetu wa Kizungu alikuwa Bwana Hartwell, msimamizi wa stoo. Jina lake naliandika wazi, mlisome wazi. Hakuwa mtu wa kupiga watu. Alikuwa mtu wa kutotaka kusumbuliwa, na kwa maisha yangu nimeona watu wa namna hiyo wanaharibu zaidi kuliko wenye viboko.

Wataliani hatukuwajua. Tulidhani ni kabila moja. Kumbe walikuwa wamegawanyika kuliko sisi. Kulikuwa na wale waliompenda bado mtawala wao, ambaye sisi madobi tulimwita Kidevu kwa ajili ya picha yake waliyoitundika. Hao walikuwa wengi na wakali, na kiongozi wao aliitwa Luteni Falko. Halafu kulikuwa na waliompinga, na hao walijificha, maana mtu akijulikana anampinga Kidevu alipigwa na wenzake usingizini. Askari wa zamu hawakuingilia. Walisema Wataliani wanagombana, na waende wakagombane.

Hao wapingaji walikutana wapi? Kwetu, kwenye banda la kufulia. Mvuke ulikuwa mwingi, mapipa yanaunguruma, na mtu yeyote alikuwa na haki ya kuja kuuliza shati lake lililopotea. Kila Jumanne yalipotea mashati kumi na tano. Mzee alijua. Alisema, "Mimi sijui Kitaliani, kwa hiyo sijasikia kitu," akaendelea kusugua.

Wakubwa wao walikuwa wawili. Wa kwanza Kapteni Basani, mrefu, mwanajeshi tangu ujana, aliyekula kiapo kwa mfalme wao. Yeye alisema Kidevu ameliharibu jeshi la mfalme. Wa pili Sajini Korvi, fundi wa mitambo, mfupi, mwenye meno ya dhahabu mawili. Kwao alifungwa gerezani kwa kumpinga Kidevu, kisha akatolewa gerezani akatiwa jeshini, apende asipende. Korvi alijifunza Kiswahili upesi, cha kwetu hasa. Alikuwa akiingia bandani anasema, "Shikamoo Mzee Feruzi, leo umeua sabuni ngapi?" Mzee anajibu, "Marahaba. Nimeua chache, nimekubakizia wewe, maana shingo yako peke yake ni kazi ya mche mzima." Walipendana. Hili nalo naliandika, ingawa kuliandika kunanikera.

Siku habari zilipofika kwamba Kidevu ameangushwa kwao, Kapteni na Sajini walikumbatiana mbele ya macho yangu, kati ya mapipa. Kapteni alilia. Ilidumu wiki moja. Wiki ya pili wakaanza kuulizana: nani amemwangusha? Kapteni akasema ni mfalme, na sasa sote tuwe chini ya mfalme na maofisa wake, na kamanda wa wapingaji humu kambini ni mimi. Sajini akasema huyohuyo mfalme ndiye aliyemkalisha Kidevu kitini miaka yote, sisi tunataka nchi isiyo na mfalme, na watu wangu hawatampigia mtu saluti. Mambo haya Korvi mwenyewe alitueleza huku anakunywa chai yetu. Na wakati huo Luteni Falko na watu wake walikuwa palepale, hawajapungua hata mmoja, na wamekuwa wakali zaidi kwa uchungu.

Asubuhi moja Kapteni Basani akaja na uso wa barazani.

"Mzee Feruzi. Nguo ya watu wangu, nguo ya watu wa Korvi, hapana pipa moja."

"Zina ugonjwa?"

"Zina siasa."

Mzee akafikiri. "Hiyo sijawahi kuifua, Kapteni. Inatoka kwa magadi au kwa jua?"

Sisi tulicheka. Kapteni hakucheka. Alasiri akaja Sajini na neno lilelile: hataki mashati ya watu wake yachemke na ya watumwa wa mfalme. Wanaume wazima hao, mateka wote wawili, chakula chao kimoja, waya wao mmoja, wanagombania pipa la kuchemshia nguo za ndani.

Mzee akaenda kwa Bwana Hartwell kuomba shauri, na mimi nilikwenda naye. Bwana Hartwell hakuinua kichwa. Alisema, "Wape wanachotaka, ilimradi nisisikie kelele. Weka pipa la pili. Weka alama." Mzee akamwambia pipa la pili linahitaji jiko la kujengwa kwa saruji kama la kwanza, maana pipa lililojaa ni zito na haliketi juu ya matofali ya kupanga. Bwana Hartwell akasema saruji itahitaji kibali, kwa sasa pangeni matofali. Kisha akatukabidhi vijiti viwili vya uzi kutoka kabatini kwake, kwa mkono wake. Macho yangu yaliuona mkono huo.

Uzi ulikuwa wa alama. Mapigo matatu ya sindano ndani ya kola: mweupe kwa watu wa Kapteni, wa buluu kwa watu wa Sajini. Sajini alitaka mwekundu. Mzee akakataa. "Mwekundu unachuja, Sajini. Ukichemka mara moja, mashati yote ya kambi yatakuwa ya waridi, na Kapteni atasema umemnyang'anya jeshi." Korvi akacheka, akakubali buluu. Kila mkubwa akakaa na sisi siku yake akitutajia namba za watu wake, wote, pamoja na wale wa siri waliolala katika mabanda ya watu wa Kidevu na kuleta habari. Wa siri ndio waliotakiwa kutenganishwa hasa, maana nguo zao zilikuja zimechanganyika na za adui. Tulishona siku tatu. Mimi nina mkono mwepesi wa sindano, nilishona nyingi kuliko wote.

Watu wa Kidevu hatukuwashonea kitu. Hawakuomba.

Sasa vijana, mtasema: mlikuwa wajinga namna gani? Nami nitawajibu. Dobi anaweka alama ili nguo imrudie mwenyewe. Maisha yake yote anaona alama ni amana. Haimjii akilini kwamba mtu mwingine atageuza kola ya mwenzake aisome. Baba yake Mzee alijua alama za mizigo, na katika msafara alama ndiyo iliyozuia ugomvi. Tulidhani tunazuia ugomvi. Kumbe tuliandika orodha ya wapingaji wote wa Kidevu, tukaishona kwenye shingo zao, tukaikunja vizuri na kuipiga pasi, tukawapelekea adui zao mabandani kila Ijumaa.

Falko alichukua wiki tatu kuisoma. Jumapili moja, watu wakitoka kusali misa ndani ya kambi, watu wake waliwazuia njiani kwa vikundi, wanageuza kola. Mwenye uzi, mweupe au buluu, alipigwa. Walipigwa kumi na mmoja. Aliyeumia zaidi alikuwa fundi viatu mmoja jina lake Nino, wa buluu, aliyekuwa amelala miezi mingi katikati ya watu wa Falko na hakuna aliyemshuku. Walimtoa jicho.

Kuhusu Nino, waliojua siri yake nje ya madobi walikuwa wawili tu, Basani na Korvi. Basi Korvi akajua, yaani alijua kabisa moyoni mwake, kwamba Basani amemuuza Nino ili kuwavunja watu wa buluu. Na Basani, ambaye watu wake sita walikuwa hospitalini, akajua kabisa kwamba Korvi ndiye aliyewauza.

Jumanne zikaletwa nguo za waliopigwa. Mzee aliinua shati la kwanza, akanusa kama kawaida. Akaligeuza. Mahali pa mapigo matatu palikuwa pamekatwa kwa wembe, kipande kimeondolewa, kama mtu anayechukua kumbukumbu. La pili vilevile. La tatu vilevile. Akaketi juu ya ndoo.

"Yakobo," akasema, "ni sisi."

"Sisi nini, Mzee?"

"Tumewataja. Wala hakuna aliyetuuliza."

Alinawa mikono, akavaa kofia yake, akaenda kwanza kwa Kapteni. Nilikuwa naye. Akamwonyesha kola, akamweleza kwamba hakuna msaliti, ni uzi, na kosa ni la madobi na la aliyeagiza uzi. Kapteni Basani alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee, wewe mtu mzuri. Korvi amekutuma?" Tukaenda kwa Sajini. Korvi aliishika ile kola muda mrefu. Nilidhani ameelewa. Kisha akasema, "Mzee wangu, uzi hauna mdomo. Mtu ndiye ana mdomo."

"Sajini, mwanangu, nakuambia mimi niliyeshona."

"Na mimi nakuambia namjua Basani."

Njiani kurudi Mzee aliniambia neno ambalo sijalisahau. Alisema wale wawili wanamhitaji msaliti kuliko wanavyouhitaji ukweli. Kidevu yuko mbali, hawamfikii. Msaliti yuko banda la pili.

Akaenda pia kwa Bwana Hartwell, akaomba mambo mawili: tuung'oe uzi wote leo, na pipa la pili liondolewe juu ya matofali kwa sababu mambo si mazuri na banda letu ndimo wanamokutana. Bwana Hartwell akajibu, "Kesho, Feruzi. Kesho nitaangalia."

Kesho ilikuwa Jumatano ile.

Walikuja watu wa makundi yote mawili kuchukua nguo, na hakuna aliyekuja kwa ajili ya nguo. Sajini Korvi alimwita Kapteni neno moja la Kitaliani ambalo hata sisi tulikuwa tumeshalijua. Kapteni akampiga kofi. Mzee akaingia katikati na mwiko wa kukorogea nguo, akisema, "Jamani, moto! Jamani, kuna moto hapa!" Korvi akamkaba Kapteni koo. Kapteni akajirusha nyuma ajinasue, mgongo wake ukapiga pipa la pili, matofali yakaachana. Mimi nilikuwa upande wa pili nikichochea kuni. Mengine nimeshayaandika juu.

Alikufa Ijumaa, kabla ya adhuhuri, nikiwa kitanda cha pili. Tulizungumza kidogo. Aliuliza kama Nino amepona. Aliniambia nisiache mikono yangu ikauke ikiwa imekunjwa, niinyooshe hata ikiuma, au sitashika tena pasi. Niliinyoosha. Ndiyo maana nilifanya kazi miaka hii yote. Niliambiwa mji mzima wa Tabora ulimzika, Waislamu na Wakristo, jeneza lake halikukaa begani kwa mtu hatua tatu bila kupokewa.

Uchunguzi ulifanyika wiki iliyofuata, nikiwa bado hospitalini na bandeji mpaka mabegani. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Karani wa kambi, mtu wa kwetu, ndiye aliyenisomea baadaye kilichoandikwa. Kiliandikwa kwamba dobi mkuu Feruzi alikuwa amelewa kazini, alinuka pombe, akajikwaa na kulipindua pipa. Ugomvi haukutajwa. Uzi haukutajwa. Matofali hayakutajwa. Mwenye kuandika: Hartwell. Mashahidi wawili waliotia sahihi: Kapteni Basani na Sajini Korvi.

Nilimwambia karani asome tena majina. Akasoma tena. Watu ambao hawakuweza kuchemsha soksi zao pamoja waliweza kutia sahihi karatasi moja. Na nilielewa sababu hata kabla hajamaliza. Kukiri ugomvi kungewatenganisha katika kambi mbalimbali na kuvunja vyama vyao. Kukiri uzi kungemfikia Bwana Hartwell. Marehemu alikuwa peke yake asiye na chama.

Na ile harufu? Ilikuwa spiriti. Chupa ya kutolea madoa ilivunjika katika vurugu zile ikammwagikia. Bwana Hartwell ndiye aliyekuwa akitugawia spiriti hiyo kila mwezi kutoka stoo yake. Aliijua harufu yake kama anavyojua ya tumbaku yake.

Neno lilifika mjini upesi kuliko mimi. Arobaini ilipofika, Bi. Zaina, mjane wake, alitandika mikeka nyumbani Mtendeni. Nilikwenda, na mikono yangu ya bandeji. Tulikuwa watu tisa. Mikeka ilikuwa ya watu sabini. Shehe mmoja aliyekuwa rafiki wa Mzee tangu utoto alituma salamu kwamba anaumwa. Mwezi uliofuata watu waliokuwa wamemposa Mwajuma, binti yake wa mwisho, walirudi kuchukua maneno yao. Hawakugombana. Walisema tu kwamba wao ni watu wa dini na hawawezi kuoa nyumba ya mtu aliyefia ulevini. Mwajuma alisikia nyuma ya pazia. Hajaolewa mpaka leo. Anashona kofia, anamtunza mama yake, na mimi nikiingia pale hunisalimu kwa heshima, nami sijui niweke wapi uso wangu.

Nilikwenda kwa Bwana Hartwell mara tatu. Mara ya kwanza alisema karatasi imeshapelekwa Dar es Salaam. Mara ya pili alisema vita bado. Mara ya tatu vita vilikuwa vimekwisha, akasema, "Yakobo, nimekutafutia kazi nzuri hospitalini. Mbona unachimba?" Nikaichukua kazi. Nina watoto. Lakini sikumwambia ahsante, na alilitambua hilo.

Wataliani walirudishwa kwao. Kapteni Basani alipanda treni bila kutazama upande wetu. Korvi hakurudi. Yuko hapahapa Tabora, ana karakana ya magari, ninyi mnaijua, na watoto wa mji wanamwita Babu Dhahabu kwa ajili ya meno. Kwa miaka mingi tulipishana njiani kama watu wasiojuana. Mwaka jana nikaingia.

"Shikamoo, Yakobo," akasema, kwa mzaha wake wa zamani.

"Sikuja kwa utani, Sajini. Nimekuja unifuate Mtendeni ukaseme ukweli mbele ya Bi. Zaina."

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Ilikuwa vita, Yakobo."

"Vita ya nani na nani? Mzee alipigana na nani?"

"Mimi nilimpenda Mzee."

"Najua. Nilikuwepo ukimpenda, na nilikuwepo ukimruka."

Akakiweka kile kitambaa juu ya meza. Nikafikiri, leo ndiyo leo. Kisha akasema, "Basani aandike kwanza. Yeye ndiye aliyegonga pipa. Nikisema mimi kwanza, watu wake huko kwetu watasema Korvi amekiri. Akiandika yeye, siku hiyohiyo mimi naandika."

Miaka yote hiyo! Kidevu amekufa, mfalme hayupo tena kitini, kambi imebaki misingi tu, na yeye bado anamngoja Kapteni aanze. Nilitoka mle bila kumuaga.

Kwa hiyo vijana, haya niliyoandika si ya kwenu peke yenu. Karani wa hospitali amekubali kuyapiga chapa nakala tatu. Moja itakwenda kwa Bwana Hartwell, ambaye sasa ana ofisi kubwa ya serikali hapahapa mjini, na mtumishi wake ataipokea mbele ya mashahidi. Moja ataipata Korvi mkononi. Ya tatu itabandikwa kwenye mlango wa msikiti, pale watu wanapotokea, kwa ruhusa niliyokwisha kuomba nikapewa.

Sehemu yangu nimeisema mimi mwenyewe: nilishona. Nilikwenda kwa Bi. Zaina nikapiga magoti nikamwambia, nilishona, mama. Alinishika kichwa. Yangu imekwisha.

Kapteni Basani yuko ng'ambo, naye popote alipo namtaja: wewe uligonga pipa, na ukatia sahihi. Lakini wewe Bwana Hartwell uko Tabora. Wewe Korvi uko Tabora. Nyumba iko Mtendeni, kila mtu atawaonyesha. Njooni Ijumaa ijayo baada ya sala, mchana, watu wakiwepo. Hamtaombwa kitu chochote cha mkononi. Msimame mbele ya Bi. Zaina na Mwajuma na mseme kwa Kiswahili, mnakijua wote wawili, kwamba Feruzi bin Sudi hakunywa, na kwamba mlijua hakunywa siku mliyoandika. Msipokuja, nielezeni mbele ya mji huu huu kwa nini hamkuja. Mimi nitakuwepo tangu saa sita.